Mfuko wa Tatu wa Koti la Baba

Harufu ya koti la ngozi ya bandia lililolowa mvua, halafu likakaukia nyuma ya mlango, siwezi kuichanganya na harufu nyingine yoyote. Na harufu za nguo nazijua, maana ndizo kazi yangu. Nauza mitumba Buguruni, makoti na majaketi. Kila belo likifunguliwa, ile pumzi ya kwanza inayotoka, ya dawa ya wadudu na makabati ya watu nisiowajua, naivuta taratibu kabla sijagusa kitu. Wenzangu hudhani napima ubora wa mzigo. Nawaacha wadhani hivyo, inasaidia kwenye bei. Ukweli ni kwamba natafuta harufu moja tu: plastiki iliyochoka, mafuta ya nywele, moshi wa sigara za watu wengine, na kwa mbali ule ukali wa risasi ya kuchomea nyaya za spika. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya baba yangu, na mpaka leo hakuna belo lililonirudishia.

Tuliishi Tandika, huko Temeke, chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji sita, bomba moja, choo kimoja, na mita moja ya umeme iliyoleta ugomvi mwingi kuliko uchaguzi. Baba na mama walikuwa watu wa Masasi. Mama aliuza mchicha na matembele sokoni, na ndiye aliyenifundisha kwamba bei ya kwanza ni salamu tu, na kwamba kitu ukikihesabu mara moja hujakihesabu. Baba, Damiani, alikuwa mpiga gitaa. Nikisema hivyo watu huniuliza, bendi gani? Hapo ndipo maelezo yanapokuwa marefu. Jumatano alikuwa mazoezini na kikundi cha taarabu cha pale pale Temeke, mwanamume na Mkristo pekee katikati ya akinamama waliojifukiza udi, akarudi nyumbani ananukia kama bibi arusi. Ijumaa alipiga dansi Kinondoni. Jumamosi arusi. Jumapili asubuhi kwaya, na Jumapili mchana hoteli moja ya Msasani. Solo, ridhimu, besi, popote palipokuwa na pengo alipangwa yeye. Wanamuziki walimwita Kiraka, kama anavyoitwa mchezaji wa mpira anayeweza kuchezeshwa namba yoyote. Lilikuwa jina la sifa. Alikuwa halipendi.

Maana moyoni baba alikuwa mtu wa roki. Aliipata ujanani kule Masasi, kwenye redio ya masafa mafupi iliyokuwa inakuja na kukatika, akaja nayo Dar pamoja na nywele kubwa na suruali pana chini. Nywele zikaisha, suruali zikaisha, roki haikuisha. Lakini Temeke nani alikuwa anataka roki? Jirani yetu mmoja alisema ni muziki wa mtu anayeburuta bati barabarani kwa makusudi. Ni Msasani peke yake alikoweza kuipiga, kwa saa mbili za Jumapili, mbele ya wageni waliokuwa wanavunja magamba ya kaa na kumpigia makofi kwa vidole vyenye mafuta. Na hata huko alipiga nyimbo za watu. Za kwake, za Kiswahili, alizipigia nyumbani. Alikuwa na gitaa kavu lenye ufa tumboni, lenye uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, na kwa kuwa hakuwa na spika aliegemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati la vyombo. Mbao zote za kabati ziliitikia, na vikombe ndani yake vilitetemeka. Mama akipaza sauti kutoka uani, "Baba Rehema, utanivunjia glasi!" ndipo nilipojua kwamba wimbo umefika patamu.

Gitaa la umeme hakuwa nalo. Kwenye bendi zetu magitaa ni ya mwenye bendi. Ukimaliza kupiga unalirudisha sandukuni, linafungwa kwa kufuli, unarudi kwako na vidole vyako. Hilo baba alilivumilia. Lililomuuma lilikuwa lingine. Kwenye dansi, solo ikianza, mwimbaji humtaja mpigaji kwa jina, kwa nguvu, katikati ya wimbo, na jina hilo likishaingia kwenye santuri au kanda limeingia, hata miaka hamsini baadaye mtu atalisikia. Sasa baba alikuwa mtu wa kuziba pengo. Bendi moja kubwa ilipokwenda kurekodi, mpiga solo wao aliugua malaria, wakamwita baba, akapiga wimbo ambao mpaka leo nchi nzima inaujua. Na solo ilipoanza, mwimbaji akamtaja yule mgonjwa. Wasikilizaji walikuwa wamemzoea huyo, ndivyo walivyojitetea. Ukichezwa redioni baba alikuwa anacheka. "Mie napiga, mwenzangu anatajwa. Tumegawana kazi." Lakini nilikuwaga namwangalia mkono, na mkono haukuwa unacheka. Ulikuwa unashika hewa, unapiga ile solo upya, taratibu, kama mtu anayejisahihishia daftari lililoandikwa jina la mwingine.

Mwaka nilipokuwa darasa la tano, masika yakiwa yamekolea, yule mwenye hoteli ya Msasani alimwita baba pembeni. Alikuwa anajenga pahala pengine, pa muziki wa roki kila mwisho wa wiki, na alitaka bendi yake mwenyewe. Kiongozi wa bendi angepewa gitaa likae kwake, siyo la kufungiwa sandukuni, na jina lake lingeandikwa kwenye ubao mkubwa getini. Ila alikuwa na mbia, na mbia huyo angepita Dar siku moja tu, Alhamisi ya wiki iliyofuata. "Niletee kaseti saa kumi jioni," alimwambia baba. "Nyimbo zako. Siyo za watu." Baba alirudi akatusimulia akiwa amesimama, hajavua hata viatu. Ubao ule alituchorea ukutani kwa kidole, urefu wake na upana wake. Akauchora mara mbili, nami nikajua kwamba yumo ndani ya jambo hili mzima mzima.

Fundi wa sauti aliyeitwa Braza Sudi alikuwa na ufunguo wa studio moja ya Kinondoni, ya vijana wa bongo fleva. Mwenye studio alikuwa msibani Tanga. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Jumatatu asubuhi baba alinichukua. Nakumbuka kuta zilizobandikwa trei za mayai, mia moja na kumi na mbili, na gitaa jekundu la kuazima lililomkaa baba kifuani kama lilizaliwa pale. Alipiga besi kwanza, peke yake, nikaona ajabu, mbona wimbo hauna kichwa? Halafu akapiga ridhimu juu ya besi. Halafu akaimba. Halafu ikaja solo, na hapo nilielewa kwa mara ya kwanza kabati letu la vyombo lilikuwa linasikia nini miaka yote ile. Lilikuwa gitaa linalopasuka bila kuvunjika. Nyimbo sita. Kwenye ule wa mwisho, solo ilipokaribia, baba akasimamisha.

"Hapa panataka mtu wa kunitaja," alisema.

"Mwanao si huyo hapo?" Braza Sudi akajibu.

Nikakataa. Nimwite baba yangu Damiani, mchana kweupe, kwenye mashine? Mama akija kuisikia si atanichapa? Baba alicheka mpaka ikabidi akaze nyuzi upya. "Basi mama, niite unavyoweza." Nikasimamishwa mbele ya maiki, solo ikaanza, Sudi akanipa ishara, nami nikatoa ile sauti ya kuitia wateja sokoni: "Baba Rehemaaa! Baba Rehema!" Sudi alivua spika za masikioni kama zimemuunguza. "Dogo, unauza nyanya?" Lakini hatukurudia. Baba alisema hivyo hivyo ndivyo alivyotaka kutajwa.

Ilitoka kaseti moja, isiyo na maandishi. Sudi akafuta kila kitu kwenye kompyuta ili mwenye studio asijue kwamba kuna watu walipita. Mama hakuambiwa. Baba alitaka aisikie Alhamisi, kazi ikiwa imeshapatikana. Kaseti ilikaa wapi, sikuuliza.

Jumatano saa tatu asubuhi, baba yuko kwenye taarabu, mama yuko sokoni, alipita yule mama wa kubadilishana vyombo kwa nguo kuukuu. Mnamjua, kila mtaa una wake: rundo la mabeseni kichwani, furushi la nguo mgongoni, anaita mlango kwa mlango. Mama alikuwa ameacha mfuko wa nguo za kutoa na maagizo: tusipunjwe. Alikuwa na hamu ya beseni kubwa la kuoshea mboga, lenye mfuniko, na mimi nilikuwa na hamu ya kumwona akilikuta sebuleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwali. Lete tuone." Alizigeuza nguo kama anageuza samaki walioharibika. "Hizi zimechoka. Nakupa jagi na vikombe viwili."

"Jagi tunalo. Nataka beseni."

"Beseni lipi?"

"Hilo jekundu la chini kabisa."

"Ee! Hilo ndilo linalobeba yote. Nikikupa hilo, haya mengine nibebe na nini?"

"Na kichwa, mama, si kipo?"

Alicheka akaweka mzigo wote chini, nami nikajua kwamba hapa pana biashara. Tulivutana. Nilimwonyesha shingo za mashati ambazo hazikuchakaa, akanionyesha makwapa ambayo yalikuwa yamekwisha. Mwisho akasema, "Ongeza kitu kizito, kimoja tu, beseni na mfuniko wake chukua." Nikaingia ndani. Nyuma ya mlango lilikuwa linaning'inia koti la baba, limebanduka mikono kama mjusi anayejivua. Kila wiki mama aliapa kwamba atawapa wazoa taka. Na baba si anapata kazi Msasani? Mtu mwenye jina kwenye ubao atavaa hili? Nikapekua mifuko. Kulia hakuna kitu. Kushoto kulikuwa na kile kiplastiki chake cha kupigia nyuzi, alichokikata kwenye dumu, nikakihifadhi kabatini. Nikapekua mara ya pili, kama nilivyofundishwa. Nikatoka na koti, na juu ya beseni na mfuniko nikaongezewa kopo la kunywea maji.

Baba alirudi alasiri. Aliangalia nyuma ya mlango, akaufunga, akaufungua tena.

"Koti langu liko wapi?"

Nikalivuta beseni katikati ya sebule na kuligonga lilie. Nilisimulia biashara yote mwanzo mpaka mwisho, hata lile la kichwa. Baba akachuchumaa tukawa sawa.

"Ulikagua mifuko?"

"Mara mbili baba."

"Mingapi?"

"Miwili."

"Ilikuwa mitatu," alisema, taratibu sana.

Wa tatu alikuwa ameushona mwenyewe kwa ndani, chini ya kwapa, kwa uzi wa nailoni, kwa ajili ya wachomoa mifuko wa Kariakoo. Aliushona ili usionekane. Haukuonekana.

Tulizunguka Tandika yote jioni ile. Asubuhi ya Alhamisi tulimpata yule mama hapa hapa Buguruni, anakochambulia nguo zake. Koti? Alishaliuza jana yake mchana, kwa mbeba mizigo wa Tandale. Wanayapenda mazito, alisema, magunia yanachuna mabega. Tukaenda Tandale. Mvua ilikuwa imeanza tena, sokoni matope yanafika kwenye vifundo, na baba amevaa shati lake la kwaya tayari kwa saa kumi. Niliwahesabu wabebaji kumi na tisa kabla sijauona ule mkono uliobanduka, juu ya kijana aliyebeba gunia la viazi vitamu. Tulimfuata nyuma mpaka alipotua, maana baba alisema mtu hasemeshwi akiwa na mzigo.

"Kaseti?" kijana alisema. Uso ukamchangamka. "Ile ya gitaa? Aisee mzee, tuliisikiliza! Kuna katoto humo kanaita Baba Rehema, Baba Rehema, tukacheka mpaka mtu akamwaga chai. Gitaa lenyewe sasa! Ni la nani lile?"

Baba aliuliza la kwake: "Iko wapi?"

Ilikuwa kibandani kwa muuza chai, ndani ya redio yake. Muuza chai alikuwa mtu mwema, nataka hilo lieleweke, alitukaribisha viti na kutumiminia chai kabla hatujaomba. Jana yake walisikiliza nyimbo zote sita. Halafu saa kumi mpira ukaanza, timu yake na watani wao wa jadi, na kipindi cha pili kilipokuwa kitamu akataka kukirekodi, hakuwa na kanda tupu. Kaseti haikuwa na jina. "Nilijua haina mwenyewe," alisema. Akaturudishia nyuma, akabonyeza. Mtangazaji anapiga kelele, uwanja unaunguruma, bao. Tulikaa tukasikiliza mpira wa jana mpaka filimbi ya mwisho. Pale alipobonyeza kuzima, mkia wa wimbo wa mwisho ulikuwa umebaki. Gitaa likalia, likashuka, likanyamaza, halafu sauti ya baba ikauliza, karibu kabisa na maiki: "Sudi, imeingia hiyo?" Kisha mvumo mtupu. Sekunde kumi na moja. Nilimwomba arudie, nikahesabu tena. Kumi na moja.

Nikaanza biashara. Nilimwambia tutampa beseni jekundu lenye mfuniko, na kopo. Tutampa kaseti mpya mbili. Muuza chai aliniangalia kwa huruma ya kweli. "Binti, mechi hii tumewafunga watani. Hata ukiniletea kabati, siuzi." Nilifungua kinywa kupandisha, maana kabati tulikuwa nalo, na baba akaniwekea mkono kichwani. "Mwache," alisema. "Ndiyo kwanza wameshinda." Yule kijana alianza kuvua koti arudishe. Baba aliyaangalia mabega yake, akamfunga kifungo cha juu, akamwambia abaki nalo. Tulipotoka kwenye matope na kuishika barabara, alikung'uta matope kwenye shati lake la kwaya. Halafu akaniuliza, "Lile beseni, na mfuniko ulipataje?"

"Nilimkazia baba."

"Umejitahidi," alisema. Na alimaanisha. Ndiyo maana neno lile sijawahi kulitoa mwilini.

Saa kumi alikwenda Msasani mikono mitupu. Walimpokea vizuri, wakamsikilizisha kaseti ya mtu mwingine. Miezi miwili baadaye walimwita: mwenye jina kwenye ubao alikuwa amesafiri, na palikuwa na pengo. Akaenda, akapiga, akarudi. Nyumbani gitaa kavu likapanda juu ya kabati, na halikushuka tena. Vikombe vikatulia. Mama aliposimuliwa hakunigombeza, heri angenichapa. Aliosha mboga kwenye beseni lile miaka kumi na mitatu, akilisugua kwa nguvu kuliko lilivyohitaji, na hata siku moja sikumsikia akilisifu.

Baba alifariki kwa kisukari nikiwa na mtoto wangu wa kwanza tumboni. Msibani walikuja bendi ya dansi, kwaya nzima, akinamama wa taarabu na udi wao, Braza Sudi mwenye mvi. Mtu akaomba ichezwe sauti ya marehemu kidogo, watu wamsikie. Tukaangaliana. Siku hizi mwanangu ana video yake akipiga mswaki, ana video ya uji ukichemka, simu yake imejaa vitu ambavyo hakuna atakayevitafuta. Mtu aliyepigia bendi za mji huu maisha yake yote, sisi watoto wake hatukuwa na hata sekunde kumi na moja.

Kwa hiyo mimi makoti nayakagua. Mifuko ya nje, ya ndani, halafu naingiza mkono chini ya kwapa na kupapasa bitana pole pole, pande zote mbili, halafu narudia. Nimekuta miwani, barua, jino la mtoto limefungwa karatasini. Jirani yangu wa meza husema nimekuwa daktari wa makoti. Na Jumapili mchana, kwenye kile kipindi cha nyimbo za zamani, ule wimbo wa dansi hauachi kupigwa. Watangazaji wa redio wanauita dhahabu. Solo inaanza, mwimbaji anamtaja yule mgonjwa wa malaria, na mimi hapo hapo, nikiwa na koti mkononi na mteja mbele yangu, naita kwa sauti ile ile ya nyanya: "Baba Rehema!" Wageni hushtuka. Solo ina sekunde arobaini na mbili, na ndani ya sekunde hizo siwezi kubishana na mtu, bei yoyote atakayotaja naikubali. Wateja wajanja wameshanijua. Wanakuja Jumapili, wanachagua koti zuri kuliko yote, wanasimama nalo pembeni, wanasubiri gitaa.